Setilaiti iliyokufa itaanguka wapi, na kwa nini hakuna anayeweza kukuambia mapema

Habari zikitoka kwamba setilaiti fulani imekufa na inarudi ardhini bila mtu wa kuiongoza, hazipiti siku mbili ramani yake inakuwa imefika kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Lubumbashi. Ni ramani ya dunia nzima, imechorwa mistari ya kupindapinda inayopanda kaskazini na kushuka kusini, na mmoja wa mistari hiyo lazima ukate Kongo. Mtu anauzungushia duara jekundu, anaandika «Mungu atulinde», na kufikia jioni maneno yamegeuka. Haisemwi tena kwamba setilaiti inaweza kupita juu yetu. Inasemwa itatuangukia sisi.

Ramani hizo kwa kawaida ni za kweli. Kosa liko katika kuzisoma. Mistari haionyeshi mahali ambapo setilaiti itaanguka. Inaonyesha njia zote itakazopita katika saa ambazo wataalamu bado hawajui itaanguka katika ipi. Mtu akishaielewa tofauti hiyo, hofu nyingi humtoka, na kile kidogo kinachobaki hukielekeza mahali panapostahili: kwa wale wanaorusha vyombo bila kujali vitarudi vipi.

Tuanze na jambo ambalo shuleni tulilipita haraka. Setilaiti haikai juu kwa sababu imetoka nje ya mvuto wa dunia. Kwenye kimo cha kilomita 500 mvuto bado una takriban asilimia 86 ya nguvu tunayoihisi hapa chini. Ukweli ni kwamba setilaiti inaanguka muda wote. Haitufikii kwa sababu inakwenda mbele kwa kasi ya karibu kilomita 7.6 kila sekunde, na kwa kadiri inavyovutwa chini, uso wa dunia ulio mviringo nao unazidi kuinama mbele yake. Mzunguko mmoja unachukua kama dakika 95. Hebu tupige hesabu ya kwetu: kutoka Lubumbashi hadi Likasi, kilomita 120 hivi, ni sekunde 16. Kutoka Lubumbashi hadi Goma, safari ambayo kwa barabara mtu huihesabu kwa siku nyingi, ni dakika mbili na nusu. Tarakimu hizo zitatufaa baadaye.

Hewa nayo haina mahali inapokoma ghafla. Hata kwenye kilomita 500 kuna chembechembe zake, chache mno, lakini setilaiti inazigonga kwa kasi ile bila kupumzika, na kila mgongano unaipunguzia nguvu kidogo. Inashuka. Ikishuka inakuta hewa nzito zaidi, inapoteza nguvu zaidi, inashuka tena kwa haraka zaidi. Iliyo kwenye kilomita 800 inaweza kukaa zaidi ya karne moja. Iliyo kwenye 400 inahesabiwa miaka michache, wakati mwingine hata mmoja hautimii. Ikifika chini ya kilomita 200, zimebaki siku.

Kwa nini basi isiongozwe ikaangushwa baharini? Nyingine haziwezi tena kupokea amri. Envisat ya Ulaya, yenye uzito wa tani 8, ilinyamaza ghafla Aprili 2012, na mpaka leo inazunguka ikiwa mfu kwenye kimo cha zaidi ya kilomita 750. Nyingine zilitengenezwa zamani, wakati ambapo hakuna aliyefikiria kuzitengea mafuta ya kurudi. Na zipo zilizoachwa kwa makusudi baada ya kuandaliwa vizuri. Nitakaa kidogo kwenye mfano mmoja wa aina hiyo kwa sababu nauheshimu.

ERS-2 ilirushwa tarehe 21 Aprili 1995 kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa. Ilikuwa na rada ya kutazama bahari, barafu na ardhi hata penye mawingu, pamoja na kifaa cha kupima ozoni. Ilifanya kazi miaka 16. Mwaka 2011, ikiwa bado inatii, wahandisi wa Shirika la Anga la Ulaya waliamua kutumia mafuta yake ya mwisho kuishusha. Kati ya Julai na Agosti waliwasha injini zake mara 66, ikateremka kutoka kilomita 785 hadi 573. Kisha wakaondoa mafuta yaliyosalia na kuzikata betri, ili siku moja isije ikalipuka yenyewe huko juu na kuwa maelfu ya vipande. Kuanzia hapo hakuna mtu aliyeweza kuigusa. Ingeachwa pale pale ilipokuwa, ingebaki miaka 100 au hata 200, ikihatarisha setilaiti nyingine. Kwa sababu ya uamuzi ule, ilirudi tarehe 21 Februari 2024, saa 1:17 usiku kwa saa za Lubumbashi, ikapasukia juu ya Bahari ya Pasifiki, kati ya Alaska na Hawaii. Hakuna aliyeumia. Kutoongozwa, kwa hiyo, si lazima iwe ni kuzembewa.

Na tusisahau vyombo hivi vinatufanyia nini. Mei 2021, Nyiragongo ulipolipuka na ardhi ya Goma ikaendelea kutikisika siku kadhaa, picha za rada za setilaiti za Sentinel-1, warithi wa ERS-2, zilikuwa miongoni mwa zile zilizowaonyesha wanasayansi jinsi ardhi ilivyosogea chini ya mji. Setilaiti moja kati ya hizo, Sentinel-1B, iliharibika Desemba mwaka huo huo.

Sasa tufike kwenye swali la lini, maana hapo ndipo utabiri unapovunjika. Jua ndilo linalovuruga hesabu. Lina majira ya miaka 11 hivi ya kuchachamaa na kutulia. Likichachamaa, mionzi yake hupasha joto tabaka la juu la angahewa, hewa inavimba na kupanda, na setilaiti iliyokuwa ikipita mahali palipo karibu patupu inajikuta imo ndani ya hewa nzito. Kituo cha Marekani cha Skylab kiliachwa bila watu mwaka 1974, kwa matumaini kwamba chombo kipya cha usafiri wa angani kingekifikia na kukisukuma juu. Jua likachachamaa kuliko walivyotazamia. Skylab, chenye tani zaidi ya 70, kilianguka tarehe 11 Julai 1979 na vipande vyake vikatapakaa magharibi mwa Australia, karibu na mji wa Esperance. Kile chombo cha kukiokoa kiliruka kwa mara ya kwanza Aprili 1981. Februari 2022, dhoruba ya jua ilizirudisha chini karibu setilaiti 40 za Starlink kati ya 49, siku chache tu baada ya kurushwa.

Kuna na jambo la pili. Setilaiti mfu haijui kukaa sawa. Inabingirika. Ikielekeza ubavu mbele, hewa inaizuia zaidi; ikielekeza ncha, inapenya. Hakuna anayejua itakuwa imegeukaje katika saa zake za mwisho.

Matokeo yake, wafuatiliaji huchukua muda uliobaki na kukubali kwamba wanaweza kukosea kwa hadi sehemu ya tano yake, kwa kuzidi au kupungua. Zikibaki siku kumi, kosa ni siku mbili huku na mbili huku. Ikibaki siku moja, ni saa kama tano kila upande, yaani jumla ya saa kumi, na katika saa kumi setilaiti inaizunguka dunia zaidi ya mara sita. Hiyo ndiyo mistari mnayoiona kwenye ramani. Hata zikibaki saa mbili tu, kosa la dakika 24 ni kilomita 10,800 mbele au nyuma, zaidi ya umbali wa kutoka Lubumbashi hadi Paris. Dakika moja peke yake ni kilomita 450. Kwa hiyo ukipokea ujumbe unaotaja mji na saa siku tatu kabla, jua kwamba aliyeuandika hakuipata habari hiyo kwa mtu yeyote anayefuatilia setilaiti.

Jirani mmoja, mama anayeuza unga sokoni Katuba, aliwahi kunisimamisha na simu yake mkononi: «Mwalimu, banasema ile satelite itaangukia huku kwetu Congo. Ni kweli?» Nilimjibu: «Mama, inaweza kupita juu yetu mara tatu nne kabla ya kuanguka, na hao wanaoifuatilia wenyewe watajua ilikoangukia ikiwa imeshaanguka.» Aliniuliza kama hilo ni jibu la kumtia moyo. Nilimwambia ndiyo, na nikampigia hesabu ya eneo. Uso wa dunia una kilomita za mraba milioni 510. Kongo yetu, pamoja na ukubwa wake wote, ni milioni 2.3 na ushei. Haifiki nusu ya asilimia moja. Sehemu kubwa ya sayari hii ni maji, na sehemu kubwa ya nchi kavu haina mtu aliyelala juu yake.

Lakini hesabu ile ya eneo haijakamilika, kwa sababu setilaiti haiwezi kuanguka popote tu. Njia yake ina mwinamo, yaani pembe inayofanya na ikweta, na mwinamo huo unaiwekea mipaka ya kaskazini na kusini ambayo haiwezi kuivuka. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa setilaiti yenye jina la Kiswahili. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake, Marekani ilirusha setilaiti ya kuchunguza miale ya eksi kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi. Waliiita Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa uchunguzi wa aina hiyo, na mwinamo wake ulikuwa digrii 3 tu. Maana yake, maisha yake yote ilizunguka kwenye ukanda mwembamba kati ya digrii 3 kaskazini na 3 kusini. Goma, iliyo digrii 1.7 kusini, ilikuwa ndani. Bukavu, digrii 2.5, ilikuwa ndani. Lubumbashi, karibu digrii 11.7, ilikuwa nje kabisa. Uhuru ilirudi yenyewe mwaka 1979, nayo isingeweza hata kwa bahati mbaya kuangukia hapa.

Geuza sasa upande wa pili. Kituo cha Kimataifa cha Anga kina mwinamo wa digrii 51.6. Berlin iko digrii 52.5 kaskazini na Moscow karibu 56, hivyo hakipiti kamwe juu ya miji hiyo. Juu ya Lubumbashi, Bukavu na Goma kinapita. ERS-2 ilipita karibu na ncha zote mbili za dunia, hivyo ilifika kila mahali. Na hakuna chombo kinachoizunguka dunia kisichoikata ikweta, ila kile kinachokaa juu ya ikweta yenyewe. Sisi tulio karibu na mstari huo tunapitiwa na karibu vyote. Ni kweli kwamba chombo cha mwinamo mkubwa hulivuka eneo letu haraka na hutumia muda mwingi zaidi karibu na mipaka yake ya kaskazini na kusini, na hilo linatupunguzia zamu. Kwa vyombo vya mwinamo mdogo hakuna nafuu hiyo.

Hebu tuitazame dakika ya mwisho yenyewe, maana hiyo ndiyo watu huiona na kuisimulia vibaya. Wengi hudhani kinachoichoma setilaiti ni msuguano tu. Kikubwa ni hewa kubanwa. Aliyewahi kupampu tairi la baiskeli ya kubebea makala (mkaa) kwenye barabara ya Likasi anajua jinsi pampu inavyopata joto mkononi, na hapo ni nguvu ya mikono tu inayoibana hewa. Mbele ya setilaiti, hewa inabanwa na kitu kinachokwenda kilomita 7 kwa sekunde, na joto linapanda hadi maelfu ya digrii. Kwenye kimo cha kilomita 100 hivi, paneli za jua zinang'oka. Karibu na kilomita 80, mwili wenyewe unapasuka, na vilivyokuwa vimefichwa ndani vinakutana na moto.

Watu wa mji huu hawahitaji kuelezwa kwamba vyuma haviyeyuki pamoja. Alumini, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mwili wa setilaiti, inayeyuka kwenye digrii 660. Shaba yetu inangoja 1,085. Titani inangoja karibu 1,670. Ndiyo maana matangi ya mafuta, ambayo mara nyingi ni mapira ya titani, hufika chini yakiwa mazima au yamebonyea kidogo tu, pamoja na vipande vya chuma kisichoshika kutu na vioo vizito vya darubini. Kwa makadirio ya kawaida, kati ya asilimia 10 na 40 ya uzito wa chombo kikubwa inaweza kufika ardhini. Lakini haifiki kwa kasi ya angani. Hewa nzito ya chini imekwisha kuvizuia vipande hivyo, na dakika za mwisho vinaanguka wima kwa kasi ya kilomita mia kadhaa kwa saa, moto wake ukiwa umeshazimika. Na haviangukii shimo moja. Kwa UARS, setilaiti ya Marekani iliyorudi Septemba 2011, NASA ilitazamia vipande 26 vitapakae kwenye ukanda wa kilomita 800 hivi, ambao ni zaidi ya mara mbili ya barabara ya kutoka hapa hadi Kolwezi.

Ukiona mwanga angani usiku, hii itakusaidia. Kimondo cha kawaida ni cha sekunde moja mbili, mkwaruzo mmoja, umekwisha. Chombo kinachorudi kinakwenda polepole machoni, kinaweza kuonekana kwa dakika nzima au zaidi, na kinajigawa: pointi nyingi za moto, nyingine kubwa na nyingine ndogo, zikifuatana kwenye mstari mmoja karibu sambamba na upeo wa macho. Ukiiona hivyo juu yako, vipande vyake vitaangukia mamia ya kilomita mbele, si kwako.

Sasa tarakimu ya hatari, ambayo vyombo vya habari huirusha bila kuieleza. UARS iliposubiriwa, ilitangazwa kwamba uwezekano wa mtu kupigwa ni 1 katika 3,200. Watu walishtuka, wakajiona wao ndio huyo mtu. Lakini tarakimu ile ilihusu mtu yeyote kati ya watu bilioni 7 waliokuwa duniani wakati ule. Kwako wewe binafsi, ilikuwa takriban 1 katika trilioni 22. UARS iliishia Pasifiki. Ukijumlisha vyombo vyote vinavyorudi kwa mwaka, Shirika la Anga la Ulaya linakadiria kwamba uwezekano wa mtu fulani kuumizwa ni chini ya 1 katika bilioni 100. Na vinarudi vingi: kwa hesabu za hivi karibuni za shirika hilo, setilaiti nzima au viwiliwili vya roketi hurudi zaidi ya mara tatu kwa siku. Pamoja na hayo yote, mtu anayejulikana kuguswa ni mwanamke mmoja wa Tulsa, Marekani, aliyeguswa begani mwaka 1997 na kipande chepesi cha roketi alipokuwa akitembea. Hakuumia.

Ningeishia hapo kama hatari hiyo ndogo ingegawanywa sawasawa, lakini haigawanywi hivyo. Mwaka 2022 jopo la watafiti lililoongozwa na Michael Byers wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, lilichapisha katika jarida la Nature Astronomy uchunguzi kuhusu viwiliwili vya roketi vinavyoachwa angani baada ya kupeleka mzigo. Vingi hubaki kwenye njia zilizo karibu na ikweta. Walikuta kwamba kwenye latitudo za Jakarta, Dhaka na Lagos, uwezekano wa kuangukiwa ni takriban mara tatu ya ule wa latitudo za New York, Beijing na Moscow. Jakarta na Lagos ziko digrii 6 tu kutoka ikweta, moja kusini na nyingine kaskazini. Tazama ramani uone nani mwingine yuko kwenye mkanda huo. Wanaorusha wanakaa kaskazini, na mabaki yanawaangukia watu ambao hawakuulizwa.

Na mifano ya Afrika ipo. Mei 2020 kiwiliwili cha roketi ya China ya Long March 5B, chenye uzito wa karibu tani 20, kilirudi bila kuongozwa na baada ya hapo bomba la chuma la takriban mita 12 likakutwa kijijini Côte d'Ivoire. Tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni, Kenya. Wakala wa Anga wa Kenya ulifika, ukalifunga eneo, ukaichukua pete na kuwaeleza wananchi kwamba ni kipande cha roketi. Nilifurahi kuona jinsi walivyofanya. Kijiji kilijua pa kupiga simu, na simu ikajibiwa.

Dawa ya jambo hili ipo na inajulikana. Roketi ikiweza kuwasha injini yake tena, na ikibakizwa na mafuta kidogo, inaelekezwa kwenye Pasifiki ya kusini, kwenye eneo la Point Nemo lililo karibu kilomita 2,700 kutoka nchi kavu yoyote. Warusi walikipeleka upande huo kituo chao cha Mir, zaidi ya tani 120, Machi 2001. Nchi kadhaa zimejiwekea kiwango kwamba chombo kinachorudi kisizidi uwezekano wa 1 katika 10,000 wa kuumiza mtu. Wasiokitimiza hawashindwi na fizikia. Wanapunguza gharama.

Kwetu Katanga kuna jambo jingine linalonitia wasiwasi kuliko kupigwa kichwani, nalo ni mitrayi, yaani biashara ya vyuma chakavu. Chuma kinachoonekana hakina mwenyewe hapa hakilali nje usiku mmoja. Kabla jua halijazama kimepimwa kwenye mzani wa mnunuzi wa vyuma chakavu, kimekatwa kwa nyundo na patasi, na pira la titani, jepesi, gumu, linalong'aa kidogo chini ya masizi, ni kitu cha kuvutia bei. Setilaiti nyingi na hatua za juu za roketi hutumia hidrazini, mafuta yenye sumu kali inayopenya hata kwa ngozi na kwa kuvuta pumzi. Mara nyingi huwa imeshachomeka au kutoka, lakini tangi lililozibwa huwezi kulijua kwa kulitazama. Vipande vingine vina berili, na vumbi lake huharibu mapafu. Kwa hiyo: usikiguse, usikigonge, usisimame upande ambao upepo unakuletea hewa iliyopita juu yake, watoto wasogezwe mbali. Kipigie picha ukiwa mbali, kikionekana na kitu cha kupimia ukubwa pembeni. Mjulishe shefu wa kartye (kiongozi wa mtaa) na polisi. Ukikikuta tayari kwa mnunuzi wa mitrayi, mwambie mnunuzi vile vile, kwa upole, maana mapafu ni yake.

Katanga hii imeshawahi kuona roketi karibu. Kampuni ya Wajerumani, OTRAG, ilipewa na utawala wa Mobutu eneo la kilomita za mraba 100,000 hivi kaskazini mwa Shaba, jina la Katanga wakati ule, na mwaka 1977 na 1978 ilirusha roketi tatu za majaribio kutoka juu ya bonde la mto Luvua. Ya tatu ilikwenda kombo. Mwaka 1979 mkataba ulivunjwa. Na watu waliozaliwa karibu na Shinkolobwe, penye mgodi wa zamani wa urani, wanajua kwamba kuna madini yasiyotoa moshi wala harufu ambayo hata hivyo hudhuru.

Hilo linatufikisha kwa Kosmos 954. Ilikuwa setilaiti ya Kisovieti yenye mtambo wa nyuklia ndani yake. Tarehe 24 Januari 1978 ilianguka kaskazini mwa Kanada na kumwaga vipande vyenye mnururisho kwenye ukanda wa kilomita 600 hivi. Wakanada na Wamarekani walitafuta miezi kadhaa katika theluji. Kanada ikapeleka hati ya madai ya dola za Kanada milioni 6 na zaidi. Mwaka 1981 Moscow ilikubali kulipa milioni 3. Waliweza kudai kwa sababu ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1972 kuhusu dhima. Mkataba huo unasema nchi iliyorusha inawajibika kikamilifu kwa madhara ya chombo chake ardhini, na mwathirika halazimiki kuthibitisha uzembe. Mkataba mwingine, wa mwaka 1968, unaitaka nchi iliyokiona kipande kwenye ardhi yake iwajulishe wenyewe na Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa.

Lakini mkataba wa dhima unazungumza na serikali. Mwenye shamba hana mlango wa kuingilia peke yake. Serikali ndiyo inayopeleka dai, kwa njia ya kibalozi, ndani ya mwaka mmoja tangu madhara yatokee au tangu nchi iliyorusha itambuliwe. Natamani ofisi za jimbo letu ziwe na namba moja ya simu inayojulikana mpaka Kasenga na Pweto, na mtu wa kuipokea anayejua kwamba kipande kilichokwisha kukatwa na kuuzwa kwa kilo hakitambuliki tena ni cha nani. Namba za kiwandani zilizochongwa juu ya chuma, alama za kulehemu, umbo la pete au la tangi: hivyo ndivyo wataalamu wanavyolitafuta jina la mwenye chombo, na bila jina hilo hakuna wa kuandikiwa dai.